Mtende wa Bibi Uliovikwa Kanga

Mwenye ardhi alitupa miaka mitano na sharti moja: kila nyumba iwe na mtende uliozaa. Nyumba yenye mtende uliozaa, kiwanja chake kitakuwa milki ya waliomo. Nyumba isiyokuwa nao, waliomo wakunje mikeka yao waondoke. Ndivyo watu wa Oman walivyopeana ardhi tangu zamani: mmoja anatoa mchanga, mwingine anatoa jasho, na mti ukizaa wanagawana. Hapakuwa na karatasi nyingine zaidi ya ile niliyoiandika mimi kwa hati yangu bora, nikiwa na umri wa miaka kumi na nne na kalamu iliyovuja.

Tulikuwa familia tano zilizotoka Unguja mwaka sitini na nne, na kila familia ilikuwa imefika na sanduku, cherehani na maoni yake. Hail, kijiji cha pwani ya Oman tulikofikia, wakati huo ilikuwa mashamba ya mitende, visima na upepo unaotembea na mchanga mfukoni. Ukitaka kwenda mjini Matrah ulipanda punda, au ulingoja lori ambalo saa yake ya kuondoka aliijua dereva peke yake, na yeye mwenyewe hakuwa na hakika.

Mimi na Bibi yangu, mama wa baba yangu, tulikaa nyumba ya tano, kwenye mdomo wa njia. Baba na mama walikuwa wameshukia Kuwait kutafuta kazi, na barua zao ziliandikwa juu ya bahasha: “Hail, nyumba ya tano, penye kisima.” Hiyo ndiyo anwani pekee tuliyokuwa nayo duniani. Kwa hiyo Bibi alipousikia ule mkataba alisema:

“Mimi nshahama mara moja. Sihami tena hata kwenda jikoni.”

Fikra ya kuufanya mtaa wetu bustani ilikuwa ya Mwalimu wa nyumba ya nne. Alisomesha hesabu Unguja, na alipofika Oman akakosa wanafunzi, basi akatufanya sisi hesabu yake. Aliutaka mtaa wa ushirika: viwanja vitano vilivyo sawasawa, kisima kimoja, njia moja iliyonyooka katikati, mtende mmoja mbele ya kila mlango, na kuta marufuku. Badala ya kuta, ua wa mhina, ili jirani aweze kumsalimia jirani bila kupiga kelele na bila kuazima ngazi. Nyumba zenyewe zilikuwa za makuti ya mtende, na wenyeji walipopita walitutazama kama mtu anavyotazama watu waliokaa kitako barabarani wakasema hapa ndipo chumbani.

Mimi nilichaguliwa karani wa kamati ya mtaa. Sababu yake ni kwamba daftari lilikuwa langu.

Masharti ya kamati yalikuwa kumi na tatu. Sharti la nne lilisema ua wa mhina usipite urefu wa kitovu, na lilijadiliwa alasiri tatu mfululizo kwa sababu mtu mmoja aliuliza kitovu cha nani. Mwalimu alipendekeza achukuliwe mwanachama mfupi kuliko wote. Macho yote yakamgeukia Bibi yangu.

“Kitovu changu,” alisema Bibi, “hakipimwi na kamati.”

Nikaandika: “Kamati imeahirisha kitovu.”

Mhina ukaota vizuri, ila ulikuwa na kasoro moja ambayo hakuna aliyeifikiria. Kila ikikaribia harusi, wanawake walitoka na vikapu wakauchuma, wakautwanga, na asubuhi ua ulikuwa umebaki vijiti. Mpaka wa nyumba zetu uliishia kwenye mikono na miguu ya mabibi harusi. Mbuzi wa Hail nzima walijua tarehe za harusi zetu, maana siku ya pili yake waliingia mtaani bila hodi. Sharti la kumi na nne likaongezwa: harusi zisizidi mbili kwa msimu. Halikuheshimiwa hata wiki moja.

Sasa nifike kwenye mitende, maana hapo ndipo tulipojitia kitanzi wenyewe.

Hakuna aliyejua mtende unapandwaje. Minazi tuliijua. Mikarafuu tuliijua kama tunavyojua majina ya shangazi zetu. Lakini mtende? Na kuuliza hatukuweza. Unguja tuliitwa Waarabu tangu babu na bibi, leo tumefika kwa Waarabu wenyewe, twende tukabishe hodi kwa jirani tumuulize: “Samahani, ndugu yetu wa damu, hii tende inapandwaje?” Mwalimu alisema bora afe.

“Mtende ni mnazi uliosoma Kurani,” alisema. “Tutapanda vile vile.”

Basi tukala tende, tukatunza kokwa. Tukachimba mashimo kwa kamba na vigingi ili yaende mstari mmoja, tukalaza kila kokwa ubavu kama tunavyolaza nazi, tukatia majivu na chumvi, tukafukia, tukasoma Fatiha. Upande wa pili wa ua alisimama bidari. Bidari ni mtu anayehudumia mitende, na huyu alihudumia shamba la jirani yetu. Alitutazama kuanzia shimo la kwanza mpaka la mwisho, kisu kikining'inia kiunoni, mdomo wazi. Sisi tulidhani anastaajabia ustadi wetu. Baadaye sana nilijua kwamba huko mtende hupandwa kwa chipukizi linalokatwa ubavuni mwa mama yake, na kwamba bidari alirudi nyumbani akamwambia mkewe kuwa wale wageni wa Zanzibar wanazika tende kwa heshima zote za maiti.

Zikaota. Kwa mwaka wa kwanza kila shimo lilikuwa na jani moja jembamba kama ulimi wa nyoka, na Mwalimu alitembea mbele yake mikono nyuma kama mkaguzi wa skuli.

Wa Bibi uliipita yote. Bibi aliumwagia kila siku maji aliyooshea samaki. Jioni alivuta mkeka, akavua mtandio kwa joto, akakaa kichwa wazi mbele yake akautolea habari za mtaa mzima. Upepo wa mchanga ukivuma aliufunga kanga, na si kanga kuukuu, kanga ya gora, akasema mtoto wa kike anatunzwa tangu mdogo. Aliusuka majani ya juu. Aliuimbia nyimbo za kumtoa bibi harusi nje. Mimi nilikuwa nasoma riwaya zilizochanika jalada, na moyo wangu ulikuwa mwepesi wa kuwaka, basi nikaandika katika kumbukumbu za kamati kwamba “nyumba ya tano inalea binti wa kijani ambaye siku moja atavaa dhahabu ya matunda.” Mwalimu akaniambia kumbukumbu zina kazi ya kukumbuka, si kulia.

Miaka minne na ushei ikapita. Mwanzoni mwa mwaka wa sabini, baridi ikianza kulegea, mitende yetu yote mitano ikatoa maua kwa mara ya kwanza. Mashina yalikuwa bado mafupi, mtu mzima alifika kwenye maua kwa kupanda juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Tulichinja kuku. Tulipokuwa tunakula, bidari akaja kumfuata ng'ombe wake aliyekuwa anamalizia ua wetu, na akasimama mbele ya mtende wa Bibi.

“Huyu nani kamvisha nguo?” aliniuliza kwa Kiarabu.

“Bibi yangu.”

“Mwambie amvue. Huyu mwanamume.”

Nikadhani sikuelewa. Akakata kijiti cha ua lake akakitikisa, unga mweupe ukamwagika kama unga wa ngano. Kisha akanionyesha kwa kidole ile mingine minne. “Wale wanawake. Huyu dume. Dume halizai tende mpaka kiama.”

Nikamfasiria Bibi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kujifunika kichwa.

“Yarabi! Miaka mitano nakaa mbele yake kichwa wazi!” Akavuta mtandio mpaka machoni. “Na siri zote za mtaa nimempa! Mwanamume! Kwa nini hakusema?”

“Bibi, ni mti.”

“Mti mwanamume. Wewe usimtetee.”

Akaivua ile kanga kwa ncha za vidole, akiangalia pembeni. Mtende ukabaki uchi, na Bibi akaingia ndani. Nilimkuta amekaa juu ya sanduku letu, lile tulilokuja nalo. Hakuwa anacheka. “Baba yako akirudi,” alisema, “atashuka wapi?”

Sharti lilisema mtende uliozaa, na kwa hati yangu bora.

Mambo hayakuishia hapo. Bidari alitwambia kwamba hata wale wanawake wanne hawatazaa wenyewe. Lazima mtu achukue vijiti vya maua ya dume, avipachike ndani ya maua ya jike, afunge kwa ukuti, la sivyo utapata vitende vya kuchezea watoto.

“Basi tupatie dume lako,” alisema Mwalimu, amekwisha kusahau kwamba bora afe.

“Yangu yote yametoa mapema na yamekwisha. Mitende yenu imechelewa kwa sababu imezaliwa kwa kokwa, haina adabu ya wakati. Hapa Hail leo dume lenye unga ni moja tu.” Akaangalia nyumba ya tano.

Nikawaona watu wa zile nyumba nne, mmoja mmoja, wanamgeukia Bibi yangu kwa sura za upole ambazo hawakuwa nazo walipotaka kumpima kitovu.

Siku ya pili yake asubuhi wakaja. Walikuja wanawake wanne wazima wamejitanda, mbele yao sinia la halua na birika la kahawa, na nyuma yao Mwalimu amevaa kanzu ya Idi. Bibi alikuwa barazani. Hakusimama.

“Karibuni. Kheri?”

“Kheri, bi mkubwa,” alisema mke wa Mwalimu. “Tumekuja kuposa.”

“Kuposa! Tangu lini upande wa mke ukaja kuposa mume? Mmeingiwa na nini nyinyi?”

“Dunia imegeuka, bi mkubwa.”

“Naiona.” Bibi akajimiminia kahawa yao. “Haya. Binti yenu tabia yake vipi?”

“Mtulivu. Hatoki nje.”

“Ana mizizi, atatoka vipi? Nauliza tabia. Juzi nlimwona kainamia upande wa njia.”

“Ni upepo, bi mkubwa, wallahi.”

“Wote husema upepo.” Akamgeukia wa pili. “Na wenu mbona mwembamba vile? Hamumpi chakula?”

Aliwahoji wote wanne mpaka halua ikaisha. Jua lilikuwa juu na Mwalimu analowa jasho ndani ya kanzu ya Idi. Mwishowe Bibi akasema amekubali, na kwa kuwa yeye ndiye upande wa mume, mahari atatoa yeye: ndoo moja ya maji ya samaki kwa kila mke, ya papo kwa papo. “Na ninyi ni wanne,” alisema. “Mngekuwa watano ningekataa. Mwanangu ni mtu wa dini.”

Bidari akatufundisha namna ya kupachika, mimi nikapanda kibao cha mbuzi, miiba ikanichora mikono, na wanawake wakapiga vigelegele kwa kila ua lililofungwa. Nikaingia ndani nikaandika katika daftari: “Kamati imepokea posa nne. Mahari yamelipwa. Wazee wameridhia.” Niliandika kwa mzaha, au nadhani niliandika kwa mzaha, mtu wa umri wangu wakati ule hajui mzaha wake unaishia wapi.

Mwezi wa sita, tende zilipogeuka manjano, mwenye ardhi akaja. Alikuwa mtu mrefu mwenye ndevu chache, juu ya punda mweupe aliyempenda kuliko ndugu zake. Ujana wake aliupitisha Pemba kwenye mikarafuu, na Kiswahili chake kilikuwa cha miaka arubaini nyuma, kama nguo iliyotunzwa sandukuni na karafuu.

Alianza ncha ya ndani. Nyumba ya kwanza, shada moja. Akaligusa kwa bakora. “Huu umezaa.” Ya pili, mashada mawili. Ya tatu, tende kumi na moja tu; akazihesabu kwa sauti, akasema zinatosha. Ya nne, ya Mwalimu, shada moja zito. “Umezaa.”

Akafika kwetu. Na hapo mimi na Bibi tukaona kwa pamoja kitu ambacho asubuhi hakikuwapo: kwenye mtende wetu limening'inia shada la tende. Tende zenyewe zilikuwa nyekundu. Mtaa mzima ulikuwa na tende za manjano.

Mwenye ardhi akachuma moja. Ikaja na uzi wa buluu. Akauvuta uzi, na shada zima likamwangukia punda.

“Huku Hail,” alisema taratibu, “mitende siku hizi inashonwa?”

Mwalimu alikuwa anaangalia mawingu ambayo hayakuwapo.

“Mwalimu!” alisema Bibi. “Ni wewe?”

“Nlitaka kusaidia, bi mkubwa.”

“Umenisaidia kuwa mwizi mlangoni kwangu!” Kisha akamgeukia mwenye ardhi, akasimama sawasawa, na nikaona kwa mara ya kwanza jinsi alivyo mfupi. “Shekhe, uzi si wangu. Mtende huu dume. Hauna tende hata moja.”

“Basi, mama, unajua sharti.”

“Nalijua, kaliandika mjukuu wangu. Limesema mtende uliozaa. Nami nnakwambia umezaa.”

“Umezaa nini?”

“Umezaa zile.” Akainyooshea mkono mitende minne. “Zote.”

“Zile zimezaliwa na majike.”

“Ngoja, shekhe. Siku tulipofika nchi hii, mlituuliza nini? Mliniuliza mama yangu nani? Mama yangu Mnyasa, hakuna aliyeuliza. Mliuliza baba yangu nani, baba yake nani, kabila lake lipi. Mkaniambia mtu ni wa kwa babake. Mimi nkasema sawa. Leo kwa tende imekuwa mtu ni wa kwa mamake?”

Bidari, aliyekuwa amekuja kuangalia, akakaa chini kabisa.

“Na ndoa ilikuwepo?” aliuliza mwenye ardhi, sasa jicho moja limeanza kucheza.

“Mjukuu wangu, lete daftari.”

Nikaleta. Akasoma posa nne, mahari, wazee wameridhia. Akaniangalia mimi, akamwangalia Bibi. “Wake wanne,” alisema.

“Hakuzidisha,” alisema Bibi.

Mwenye ardhi akacheka kicheko kidogo cha puani, kisha akakaza uso. “Vyema. Nimekubali. Tende zote ni za dume, na dume ni wa nyumba ya tano. Kwa hiyo hii nyumba imezaa, na zile nne hazina kitu. Nyumba nne zikunje mikeka.”

Kelele zilizotokea hapo siwezi kuziandika zote. Mke wa Mwalimu aliapa. Mwalimu alisema hesabu hii haiko sawa. Watu wanne walisema kwa pamoja kwamba wao tangu zamani wanaamini mambo ya mama. Bibi yangu angeweza kunyamaza akabaki na kiwanja, na baba akishuka kutoka Kuwait angekuta nyumba ya tano palepale, ila pasingekuwa na ya nne wala ya tatu.

“Shekhe,” alisema, “we umeoa?”

“Nimeoa.”

“Mkeo akikuzalia, unamfukuza siku ya mavuno? Nasaba ya kwangu, malezi ya kwao. Mtoto anayenyonya anakaa kwa mamake, na baba anamtafutia mama pa kulala. Nimewatafutia. Hapa hapa.”

Kilemba cha mwenye ardhi kilikuwa kimelegea kwa kicheko, akakishika kwa mkono. Alisema huko Pemba alishindwa na mwanamke mmoja tu katika maneno, na ilikuwa kwa ajili ya kuku, na hakufikiri itatokea tena. Akaniambia nichukue kalamu. Nyumba zote tano zimezaa, nikaandika. Viwanja ni vya waliomo. Lakini kwa kuwa milki ya wote imesimama juu ya dume moja, dume hilo lisikatwe wala kuhamishwa. Siku likikatwa, mchanga wote urudi kwa mwenyewe. Akatia kidole kwenye wino.

Mwaka huo huo nchi ikapata sultani mpya, ikafunguka. Saruji ikaruhusiwa, ruhusa zikapatikana, na kabla ya mwaka kwisha nyumba ya pili ilikuwa imeng'oa mhina ikajenga ukuta mrefu kuliko kitovu cha mtu yeyote. Mwalimu akapata kazi serikalini akanunua gari, la kwanza mtaani. Akalileta alasiri moja akipiga honi tangu mbali, watoto wanakimbia nyuma, na lilipofika mdomo wa njia likasimama. Mtende wa Bibi ulikuwa umejaza njia; upande mmoja mti, upande mwingine kisima.

Akashuka. Akaupima kwa hatua, kwa shubiri, kwa kamba. “Bi mkubwa,” alisema, “yale makuti ya upande huu tu.”

Nikatoka na daftari, nikamsomea.

Gari likalala nje ya mtaa, karibu na ng'ombe wa bidari. Na asubuhi yake nilipoamka nilimkuta Bibi amejitanda vizuri, uso ameugeuzia kando kwa adabu, anaufunga ule mtende kikoi cha babu.